Somo la Nyuma ya Jiko

Rehema alinipigia simu nikiwa napepeta mchele, na kwa jinsi alivyosema "Shikamoo, shangazi" halafu akanyamaza, nilijua kabla hajaendelea. Baba yake, Mwalimu Luhende, alikuwa amefariki alfajiri nyumbani kwake Kwihara. Nilimpa pole, nikasema yale tunayosema wote siku kama hiyo, naye akayapokea kwa utulivu wa mtu ambaye bado ana mambo mengi ya kupanga. Kisha akanieleza jambo lililonifanya niweke ungo chini. "Baba ameacha neno, shangazi. Somo la maziko asome Shija." Nikamwuliza Shija yupi, utadhani wako wengi. "Shija wa Ipole, yule bwana nyuki. Na ninyi wa darasa lile mje wote, alisema msikose." Nilipokata simu nilicheka, na katikati ya kucheka nikajikuta nalia. Shija wa Ipole ana kigugumizi. Si kile cha kuchelewa neno moja moja watu wakatabasamu. Ni kigugumizi cha kufunga taya na kutoa jasho, na hakuna mtu aliyekijua vizuri kuliko Mwalimu Luhende.

Habari za ukoo wangu nimeshawaeleza wanaozitaka, na wasiozitaka watanishukuru nikizipita. Ninaloweza kusema ni kwamba nilikuwa msichana mwenye njaa. Nilifika shule ile nikiwa na njaa, na kwa mwaka mzima ninaotaka kuueleza hapa nilikuwa nawaza chakula kuliko wokovu. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya Kilutheri, katika nchi ambayo Wakatoliki na Wamoraviani walikuwa wameshagawana watu kabla sisi hatujafika, huku Waislamu wa mjini Tabora wakiwa wenyeji kuliko wote. Walutheri tulikuwa wa kuhesabika. Majengo yalikuwa kando ya njia ya Kwihara, ile waliyopita wapagazi zamani, na sehemu ya bwalo ilikuwa tembe la kale lililoezuliwa udongo na kupigwa mabati. Kuta zake zilikuwa nene mno, madirisha madogo, na ndani kulikuwa na ubaridi hata mwezi wa kumi, wakati nje mtu huwezi kukanyaga mchanga peku. Hadi leo nikinusa ugali moto na chokaa ya ukutani kwa pamoja, narudi kuwa na miaka kumi na minne.

Tulisoma lugha kuliko kitu kingine chochote. Asubuhi Kilatini, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza, na hesabu zilipata muda uliobaki. Watoto wa wakulima wa tumbaku na wafugaji wa Nzega, tumekaa kwenye mabenchi, tunanyambua vitenzi vya Warumi! Mihayo, aliyekuwa mcheshi wa darasa na aliyejua kuuliza maswali ambayo sisi wengine tuliyaogopa, alimwuliza Mwalimu siku moja faida ya kujifunza lugha ya watu waliokufa. Mwalimu Luhende hakukasirika. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati jeupe lililofungwa mpaka kifungo cha juu, na alikuwa na tabia ya kuangalia dari kabla ya kujibu. "Faida ni kwamba aliyekufa hana haraka," alisema. "Walio hai watakuacha njiani. Huyu atakungoja mpaka umwelewe." Tulicheka, tukadhani ni mzaha. Kila tulichosoma alitutaka tukieleze tena kwa Kinyamwezi, au kwa Kisukuma kwa waliotoka huko, na ukianza kubabaika alikukata. "Ukishindwa kumweleza bibi yako, hujasoma. Umepita tu juu ya wino." Kwake Neno lilikuwa kama asali ya kwao Shija: haikai hewani, inataka chombo, na vyombo vyake ni lugha. Ndiyo maana alitulazimisha tuvisugue kila siku.

Lakini desturi iliyotutesa ilikuwa ya mezani. Kila mlo wa mchana mmoja wetu alisimama kwenye kimimbari cha mbao pembeni mwa bwalo na kusoma kwa sauti, wengine tukila kimya. Jumapili lilisomwa somo la siku. Siku nyingine kilisomwa chochote alichochagua Mwalimu, safari, historia, maisha ya watu. Msomaji alikula mwisho. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kwamba Mwalimu alikaa nasi, na msomaji alipokosea sentensi aligonga meza kwa kidole kimoja. Akigonga, mikono inatoka kwenye sinia. Tulikula wanne wanne kwa sinia moja, kwa hiyo fikiria bwalo zima, mikono hewani, vidole vimepakaa nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde iliyoungwa karanga, tunamtazama msomaji arudie sentensi mpaka iwe safi. Ndipo mikono inarudi. Ukisoma ovyo, unawanyima wenzako chakula, na wenzako hawasahau. Nakuhakikishia hakuna njia ya haraka kuliko hiyo ya kumfundisha mtoto kuangalia nukta. Mimi ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nasoma vizuri kuliko baba mchungaji wetu wa nyumbani, na sababu yangu ilikuwa tumbo.

Sasa weka Shija kwenye kimimbari hicho. Zamu yake ya kwanza alifungua kitabu, akavuta pumzi, akakwama kwenye neno la kwanza kama mkokoteni uliozama mchangani. Mwalimu akagonga. Mikono ikatoka. Shija akaanza tena, akakwama tena, macho yamemtoka, shingo imekaza. Ugali ukaanza kuota ngozi juu. Mama Doto, mpishi wetu, alisimama mlangoni na mwiko wake akinung'unika kwa Kinyamwezi kwamba yeye hakuamka na jogoo kupika chakula cha kutazamwa. Kengele ya kumaliza mlo ikalia Shija akiwa hajavuka ukurasa. Mwalimu alichukua kitabu, akamalizia mwenyewe, na tukala haraka haraka ugali uliokuwa umeshakuwa jiwe. Ndivyo ilivyokuwa kila zamu yake ilipofika, na zamu, kwa shule ndogo kama ile, hufika mapema.

"Mwalimu, si umruke tu?" Mihayo alisema siku moja, kwa niaba yetu sote. Shija alikuwepo, ameinamisha kichwa. Mwalimu aliangalia dari. "Nikimruka leo," alisema, "mtamruka maisha yake yote." Sikumpenda Mwalimu siku ile. Nilimwona ni mtu mgumu anayemtesa mtoto wa watu kwa ajili ya kanuni yake, na bado nadhani ugumu ulikuwemo. Kanuni nyingine ilikuwa mbaya zaidi. Mwisho wa mwaka walikuja wageni wa sinodi kula nasi, na mwanafunzi ambaye hakuwahi hata mara moja kusoma somo mezani tangu mwanzo hadi mwisho, hapandi darasa. Sisi wote tulikuwa tumeshamaliza masomo yetu kabla ya mvua za kwanza kukatika. Shija hajamaliza hata moja. Na baba yake, mkulima wa tumbaku wa Ipole, alikuwa amesema wazi siku alipomleta, tena mbele yetu: "Mwaka mmoja. Ukifeli, bani la kukaushia tumbaku linakungoja." Shija aliyapenda maneno kuliko yeyote kati yetu. Alikuwa anakopa vitabu kabatini na kuvimaliza kabla hatujafika katikati, na ukimwuliza jambo la Kilatini alikuandikia jibu mchangani kwa kijiti, sahihi kabisa. Kumrudisha yule kwenye bani la tumbaku ilikuwa dhuluma, hata mimi mwenye njaa niliona.

Mambo yalianza kubadilika kwenye sala ya jioni. Tulikuwa tunaimba zaburi kwa Kilatini, pande mbili zikijibizana, na mimi nilipangwa kusimama mbele ya Shija. Miezi ilipita kabla sijagundua kwamba ile sauti nyororo nyuma ya sikio langu, inayotamka kila silabi bila kukwaruza, ni ya kwake. Niligeuka katikati ya sala nikamkodolea macho mpaka akaona haya. Baadaye nilimkamata kwenye kisima. "We Shija, mbona kule hukwami?" Alinyanyua mabega. "Tu-tu-tukiwa wengi," alisema, akapumzika, akamalizia, "maneno yananibeba." Nilikwenda moja kwa moja kwa Mihayo, kwa sababu mipango yote ya hatari ilipitia kwake. Akatega kichwa, akafikiri, akasema jambo jepesi kama kunywa maji: kama Shija hakwami tukiwa wengi, basi tuwe wengi. Sisi wote tujifunze kwa moyo somo la Jumapili ya wageni, iliyokuwa zamu yake ya mwisho, na yeye akisimama pale, sisi kwenye masinia tunalisoma naye kwa sauti ya chini, midomo ikionekana inatafuna. Wageni watasikia mvumo tu, wadhani ni nyuki wa Ipole.

Tuliikokotoa Jumapili yenyewe kwa kufuata mpangilio wa masomo. Jumapili za baada ya Utatu zinakwenda kwa namba, kila moja na somo lake, hivyo tukahesabu kutoka tulipokuwa hadi siku ya wageni, tukaangukia somo la yule mkuu aliyekuja kuomba kwa ajili ya binti yake aliyekufa. Tukalifanyia mazoezi nyuma ya jiko, saa ya kuosha masinia, kwa sababu kelele za mabati na mchanga wa kusugulia zilificha sauti zetu. Dirisha la ofisi ya Mwalimu lilitazama huko huko, lakini Mihayo alisema Mwalimu akisoma hasikii hata radi. Mama Doto alikuwa mshirika wetu kwa sababu zake mwenyewe. "Fundisheni mtoto huyo aseme," alituambia, "nami nipate siku moja ya kuona chakula changu kikiliwa moto." Nami nakumbuka siku ilipofanikiwa kwa mara ya kwanza. Shija amesimama juu ya kinu kilichopinduliwa, sisi tumechuchumaa na masinia, tukaanza pamoja, naye akatembea nasi sentensi kwa sentensi mpaka mwisho. Alipomaliza alishuka kwenye kinu akakaa chini, akafunika uso. Mihayo, ambaye hakujua kuacha jambo lilivyo, akaongeza sharti: sentensi ya mwisho sote tunyamaze, Shija aimalize peke yake, ili wageni wasikie sauti yake na si yetu. Shija alikataa. Tukamlazimisha. Tulilifanyia mazoezi hilo nalo, na ile sentensi ya mwisho alikuwa anakwama neno la kwanza tu, kisha inatoka.

Jumapili ya wageni Mama Doto alichinja kuku. Wageni walikuwa wawili, mmoja mchungaji mpole asiye na la kusema, mwingine mzee wa sinodi mwenye saa kubwa ya mkononi aliyekuwa akiitazama mara kwa mara. Bwalo lilinukia mchuzi mpaka nikasikia kizunguzungu. Shija akapanda kimimbarini, akafungua kitabu kwenye utepe. Nikaona uso wake unabadilika. Akatutazama, sinia moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa polepole. Kisha akaanza neno la kwanza, na halikuwa neno letu. Ni somo la wasichana na taa zao. Sisi wajuaji wa mpangilio, tuliohesabu Jumapili kwa vidole, hatukujua jambo ambalo kila mzee wa kanisa analijua: Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa ina somo lake la kudumu, haijali namba imefikia wapi. Pasaka ikichelewa, masomo ya katikati yanarukwa. Binti wa mkuu alikuwa amerukwa. Mihayo, aliyekuwa sinia moja nami, alisema kwa sauti ya chini, "Tumekwisha."

Shija hakushuka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko kuku, na mnajua nilivyo. Alikwama kwenye neno la kwanza, na mikono yetu ikatoka kwenye masinia, kisha nikatambua kwamba Mwalimu hajagonga. Tuliitoa wenyewe. Shija akalipata neno la kwanza, akalikosa la pili, akalipata. Mzee wa sinodi alinyoosha mkono achukue paja la kuku, na Mwalimu Luhende akamtazama tu. Mkono ukarudi mapajani. Hakuna aliyeguna. Mama Doto alisimama mlangoni na mwiko wake, kimya. Kengele ilipaswa kulia na haikulia. Mtoto wa zamu alikuwa ameisahau au alikuwa amekataa. Mchuzi ukaganda mafuta juu. Nami, katika kungoja kule, nilianza kulisikia somo. Lile nilikuwa nimelisikia tangu utotoni likipita haraka, lakini siku ile kila neno lilichelewa kufika, nami nikawa nalingoja kama mgeni wa nyumbani, na lilipofika nililitazama usoni. Taa. Mafuta. Mlango. Sijawahi kusikia kitu chochote kikisomwa vile tena. Shija alifika nukta ya mwisho shati limelowa, akafunga kitabu. Mwalimu Luhende alisimama. "Amesoma," alisema. "Kuleni."

Baada ya mlo nilitumwa kupeleka maji ya kunawa ofisini, na mlango ulikuwa wazi nusu. Mzee wa sinodi alikuwa anaongea. "Mwalimu, kwa heshima yote, kijana yule huwezi kumpandisha. Atasimama wapi? Nani atamngoja?" Kupitia mwanya wa mlango nilimwona Mwalimu akiangalia dari. "Nilimwambia asome," akasema. "Sikumwambia akimbie. Nikuulize, mzee. Somo la leo umelisoma mara ngapi maishani?" Mzee akasema haiwezekani kuhesabu. "Na leo, umelisikia?" Nilingoja pale mlangoni na beseni langu likinilemea. "Nimelisikia," mzee akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. Nikaingia na maji. Shija alipanda darasa.

Nimefanya kazi ya ukalimani mahakamani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, huko Nzega, nikiwageuzia mashahidi maneno kutoka Kinyamwezi na Kisukuma kwenda Kiswahili. Watu wanadhani kazi ile ni ya mdomo. Ni ya sikio, na zaidi ni ya subira, kitu ambacho sikuzaliwa nacho hata kidogo. Nimekaa na bibi anayetafuta neno lake huku hakimu akigusa kalamu mezani na mawakili wakitazama saa, nami nimesema, "Mheshimiwa, bado hajamaliza," kisha nikanyamaza. Mara ngapi neno lililochelewa ndilo lililokuwa na maana yote! Nikiulizwa shule ile ilinifundisha nini, watu hutaraji niseme Kilatini. Kilatini nimekisahau, yamebaki mafungu mawili matatu ya kuwatisha wajukuu. Kilichobaki ni mikono hewani.

Kwihara tulifika asubuhi, Mihayo akitembea kwa fimbo na kulalamika juu ya magoti yake, sisi wengine wazee wa mvi tukisalimiana kwa majina ya utani ambayo wajukuu zetu hawapaswi kuyasikia. Shija alikuwa amekaa chini ya turubai, amevaa suti inayonukia nta ya nyuki. "Shi-shi-shikamooni, wakubwa," alituambia kwa utani, ingawa yeye ndiye mkubwa wetu. Nilimkuta Rehema jikoni nikamwuliza somo ni lipi. "La binti wa mkuu," alisema, akichochea sufuria. "Nilishangaa, shangazi. Baba alisema hili mmelifanyia kazi sana nyuma ya jiko, tena vizuri, na hamkupata kulisoma. Nikadhani ni homa inasema." Siku zote zile za mazoezi, dirisha lake likiwa wazi, alikuwa amekaa pale na kitabu mbele yake, akitusikiliza. Na alijua tangu mwanzo kwamba tumekosea Jumapili, naye hakusema.

Mchungaji alipomwita, Shija alisogea kando ya jeneza, akafungua kitabu kwenye utepe. Akaliona somo. Akainua macho kututafuta, kama siku ile, ila mara hii hakutikisa kichwa. Alivuta pumzi, akaanza, na neno la kwanza likamkaza shingo. Waombolezaji wasiomjua walianza kujisogeza vitini. Nikafungua mdomo. Sikujua kama bado lipo ndani, na lilikuwepo lote. Nikasikia Mihayo ameingia kando yangu, kwa sauti yake ya kukwaruza, kisha nyuma yetu wengine, sauti za chini za wazee, na Shija akatembea nasi: mkuu amekuja, amepiga magoti, wapiga filimbi wametolewa nje, binti ameshikwa mkono. Rehema alikuwa amesimama na kitambaa mdomoni, akitutazama kana kwamba baba yake ameingia. Tukafika kwenye sentensi ya mwisho. Hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyekumbusha, lakini sote tulinyamaza. Shija akabaki peke yake, akakwama kwenye neno la kwanza. Tukangoja.